Kuunda, Kununua na Kutunza Bunduki: Hukumu kwa Ndugu Zetu Waliopo Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.

SWALI: Assalaamu alaykum. Mtoto wetu anafanya biashara Bariadi. Tangu mdogo anapenda mambo ya bunduki. Anasema huko wapo mafundi wanaounda magobore, na rafiki zake hutoka kuwinda kanga na digidigi. Sasa anataka kupata bunduki inayojipakia risasi yenyewe, aifungue na kuiunga kwa mikono yake kama anavyoona kwenye simu, iwe ndiyo burudani yake. Tukimkataza anatwambia kulenga shabaha ni Sunna. Sisi wazazi tuna khofu. Dini inasemaje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Suala hili linagusa nyumba nyingi za Unguja na Pemba, kwani vijana wetu wametawanyika bara kutafuta rizki. Tutatoa jibu kwa ufupi kwanza, kisha tulifafanue jambo moja moja.

Jibu kwa ufupi

1. Kupenda kulenga shabaha na kujifunza si dhambi. Asili yake ni jambo lililosifiwa.

2. Kumiliki bunduki kwa leseni, kwa haja inayojulikana, na kwa mtu anayeweza kuihifadhi, ni halali.

3. Kuunda bunduki kwa siri, kumwagizia fundi, au kuinunua kwa mlango wa nyuma ni haramu, hata kama nia ni burudani.

4. Aliye nayo isiyo na leseni, iwe kainunua, kapewa au karithi, ni wajibu wake kuisalimisha. Haifichwi, haiuzwi, wala haitupwi kisimani.

Maneno tunayoyakusudia

Gobore ni bunduki ya kushindilia. Baruti hutiwa kwa mdomoni mwa mtutu, zikafuata marisau au vipande vya chuma, kisha kila kitu hushindiliwa kwa ufito. Hupiga mara moja, na mwenyewe huanza kazi upya. Mengi yameundwa na wahunzi wa vijijini.

Bunduki inayojipakia yenyewe ni chombo chengine kabisa. Risasi hukaa ndani ya magazini. Kila ukivuta kifyatuo hutoka moja, na nguvu ya mlipuko ule ule hutoa ganda na kuingiza risasi nyengine. Huna haja ya kukoki kila mara. Ukivuta mara ishirini, zimetoka risasi ishirini ikiwa magazini inazo. Bunduki ya vita ya siku hizi huongeza uwezo wa kumimina risasi mfululizo kwa kuvuta mara moja tu.

Tofauti hii ina maana katika hukumu, kwa sababu kadiri madhara ya chombo yanavyokuwa makubwa ndivyo dhamana ya mwenye chombo inavyozidi.

Silaha zilivyofika Usukumani

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba haya ni mambo ya bara tu. Bunduki nyingi za kushindilia zilizoingia bara katika karne ya 19 zilipitia bandari zetu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia mwambao huu. Zilikwenda na misafara, zikarudi pembe na watu waliofanywa watumwa. Watawala wa Unyamwezi kama Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, walijenga majeshi yao ya rugaruga kwa bunduki hizo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vizuizi, lakini zilizokwisha kuingia zilibaki, na ufundi wa kuzitengeneza ukabaki.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha za kivita zilivuja mikononi mwa majambazi, na wizi wa ng'ombe ukawa wa risasi. Watu wa Usukuma na Unyamwezi walijibu kwa kuunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walishika upinde na mishale, filimbi na yowe la kijiji kizima. Walilaumiwa, na kwa haki, pale walipopiga na hata kuua watuhumiwa bila ya hukumu. Lakini hapa pana jambo la kuzingatia. Wafugaji waliokuwa wakiibiwa kwa bunduki walipata nguvu kwa kushikamana, na hawakusubiri kila mtu awe na bunduki yake.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Makao yake makuu ni Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Upande wa mashariki mkoa unapakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Tembo hutoka wakala mahindi, na fisi hubeba mbuzi. Kwa hiyo haja ya ulinzi ipo na hatuikanushi. Lakini katika pori hilo hilo, mwezi wa Januari 2016, majangili walimpiga risasi rubani wa helikopta, Roger Gower, aliyekuwa akisaidia doria ya kuwasaka, akafariki. Katika eneo kama hilo, mtu anayekutwa porini na bunduki bila ya karatasi hatambuliwi kuwa ni mpenda burudani. Askari wa doria watamchukulia kuwa ni jangili, naye hatakuwa na la kujitetea.

Je, kulenga shabaha ni Sunna?

Ndiyo, na kijana amesema kweli kwa upande huu. Allah (S.W.) katika Suratul Anfal, aya ya 60, ameamrisha Waislamu waandae nguvu waziwezazo. Katika Hadithi ya Uqba bin Amir iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliifasiri nguvu hiyo kuwa ni kurusha mishale, akakariri mara tatu. Bukhari amepokea kuwa alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga akawatia moyo.

Lakini tuangalie kilichosifiwa ni nini. Kimesifiwa ujuzi. Haikusifiwa tamaa ya kumiliki chombo, wala kukipamba, wala kukionesha. Mashindano yale yalikuwa hadharani, Mtume (S.A.W.) mwenyewe akiyaona. Aya nayo imeuambia umma uandae nguvu, na katika nchi yenye serikali, jeshi na polisi, kazi hiyo ina wenyewe waliokabidhiwa. Haikumwambia kila kijana afiche bunduki chini ya kitanda.

Na Mtume huyu huyu (S.A.W.) ndiye aliyeweka mipaka. Alikataza mtu kumnyooshea nduguye silaha, kwani hajui, huenda shetani akauponyoa mkono wake. Katika Hadithi nyengine kwa Muslim, anayemwelekezea nduguye chuma hulaaniwa na Malaika, hata akiwa ni ndugu yake wa baba na mama. Aliamrisha anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake asije akamchoma Muislamu. Alikataza kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Alikataza kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Na alikataza hata mchezo wa kurusha vijiwe kwa vidole, kwa sababu hauui windo wala haumdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Ikiwa kijiwe cha kidole kimekatazwa kwa ajili ya jicho la mtu, itakuwaje risasi inayopita ukuta wa udongo na kuingia chumba cha pili?

Kuunda

Kijana anaona kwenye simu watu wa Marekani wakiunganisha bunduki mezani. Ajue kwamba sheria yao ya nchi nzima ya mwaka 1968 haikumlazimisha mtu kupata leseni anapojitengenezea bunduki kwa matumizi yake mwenyewe. Hata huko, kuanzia mwaka 2022 serikali iliweka masharti kwa vifurushi vya vipande vinavyouzwa bila ya namba, na mwezi wa Machi 2025 Mahakama yao Kuu iliyathibitisha. Sheria yetu si hiyo. Tanzania haimruhusu mtu kutengeneza wala kubadilisha silaha bila ya idhini, na fundi pamoja na anayemwagizia wote wamo hatarini.

Uharamu wake umesimama juu ya mambo matatu.

La kwanza ni utiifu. Suratun Nisaa, aya ya 59, imeamrisha kuwatii wenye mamlaka katika yasiyo maasi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa kiongozi akiamrisha au akikataza jambo la mubaha kwa maslahi ya watu wote, amri hiyo huwa ya lazima. Na hakuna maslahi yaliyo wazi kuliko kujua silaha ziko kwa nani.

La pili ni madhara. Mtutu uliotengenezwa kwa bomba la kuokota haukukusudiwa kuhimili mlipuko. Ukipasuka, hupasukia mkononi na usoni mwa aliyeushika. Suratun Nisaa, aya ya 29, imetukataza kuziua nafsi zetu.

La tatu ni kusaidia uovu. Bunduki isiyo na namba haijulikani ni ya nani. Ikiibiwa na kuuliwa mtu, hakuna wa kuulizwa duniani, lakini Akhera yupo. Nchi za kanda hii zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, na moja ya shabaha zake ni kila silaha iwe na alama. Na Suratul Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Kununua

Sheria inayotawala ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Anayetaka bunduki huanzia serikali ya kijiji au mtaa wake, maombi yakapanda hadi polisi na kamati ya usalama, na mwisho kwa msajili wa silaha. Ataulizwa haja yake, tabia yake, ujuzi wake na mahali atakapoiweka. Leseni ni ya mtu mmoja kwa bunduki moja. Haiazimishwi kwa rafiki wala haihamishwi kwa ndugu. Silaha za kijeshi si za raia. Kama aina fulani inaruhusiwa au la, huulizwa polisi kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mwaka 2016 serikali ilihakiki silaha za raia nchi nzima, na asiyekuwa na karatasi alijulikana.

Kumiliki bila ya leseni hushitakiwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, na kifungo chake ni cha miaka mingi. Mzazi aliyeko Wete au Makunduchi atauza shamba la mikarafuu kwa ajili ya wakili, na kijana bado atafungwa.

Muuzaji naye ana hukumu yake. Imepokewa kutoka kwa Sahaba Imran bin Husayn (R.A.) kuwa alichukia kuuza silaha wakati wa fitna. Wanazuoni wakasema kumuuzia mtu unayejua atafanyia uovu ni haramu.

Na Muislamu akumbuke Christchurch. Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, Waislamu 51 waliuawa katika misikiti miwili ya mji huo wa New Zealand. Muuaji alitumia bunduki zinazojipakia zenyewe, na alizinunua kwa leseni. Haukupita mwezi, bunge la nchi ile likapiga marufuku nyingi za aina hiyo. Kwa hiyo leseni ni sharti, lakini haimtoshi mwenye kumcha Allah. Ajiulize pia: chombo hiki kina haja gani nami? Mfugaji anayelinda zizi ana jibu. Mwenye duka la nguo mjini Bariadi anayetaka tu kukitazama na kukiunga, jibu lake ni dhaifu.

Atasema anajilinda na majambazi msimu wa pamba, fedha zinapokuwa nyingi mikononi mwa watu. Tunamwambia apunguze fedha taslimu, apokee kwa simu na benki, afunge duka mapema, ajuane na majirani. Na bunduki yenyewe humwita mwizi. Jambazi akijua ipo, ataifuata.

Kutunza

Aliyepewa leseni amebeba amana, na amana hii ina masharti.

- Ikae katika kasha la chuma lililofungiwa ukutani au sakafuni. Ufunguo uwe kwa mwenye leseni peke yake.
- Risasi zikae mbali na bunduki, kwa kufuli yake.
- Kabla ya kuisafisha, magazini itoke, chumba cha risasi kitazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole, mtutu uelekee pasipo mtu. Bunduki huhesabiwa ina risasi hadi ithibitike haina.
- Vumbi la kiangazi cha Simiyu huziba, na hewa ya chumvi ya visiwani hutia kutu. Ifutwe na ipakwe mafuta yake kwa kiasi. Ikiharibika ipelekwe kwa fundi mwenye idhini.
- Anayetaka kuvuka nayo bahari baina ya bara na visiwani aulize polisi wa pande zote mbili kabla ya kukata tiketi.
- Haichezewi harusini wala haipigwi picha za majivuno.

Mwenye ghadhabu nyingi, mwenye kutumia kileo, au mwenye maradhi ya huzuni yanayomfanya atamani kufa, asiwe na bunduki ndani ya nyumba. Jamaa zake wana haki na wajibu wa kulisema hilo mapema. Suratun Nisaa, aya ya 5, imekataza kuwakabidhi mali wasio na busara. Silaha ina haki zaidi ya katazo hilo.

Kuwinda na nyama yake

Kuwinda kwa ajili ya chakula ni halali kwa nassi ya Suratul Maida, aya ya 4. Kuua mnyama kwa mchezo tu, ukamwacha aoze, hakufai. Na Tanzania wanyamapori ni amana ya umma. Sheria ya mwaka 2009 inataka kibali, aina ya mnyama, eneo na msimu. Digidigi wa Meatu aliyepigwa bila ya kibali ni mali ya watu iliyochukuliwa bila ya ruhusa.

Na je, aliyekufa kwa risasi huliwa? Vitabu vyetu vya fiqhi vinapotaja bunduqi, asili yake ni tonge la udongo linalorushwa. Windo la tonge hilo ni haramu kwa sababu limekufa kwa kugongwa, nalo ndilo mauqudha lililotajwa katika Suratul Maida, aya ya 3. Risasi za baruti zilipokuja, wanazuoni walikhitalifiana. Wapo waliozikataza, na wengi wa Mashafii waliofuatia wako upande huo. Walizihalalisha wengine, akiwemo Imam Ad-Dardir wa Malikiya na Imam Shawkani wa Yemen, kwa hoja kuwa risasi hutoboa na kupenya kama mshale. Dalili ni Hadithi ya Adiy bin Hatim, ambamo Mtume (S.A.W.) alihalalisha kilichotobolewa na kukataza kilichogongwa. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo inayofuatwa na wengi leo.

Pamoja na hayo, apige Bismillahi anapofyatua, akimbilie windo, na akilikuta lina uhai amchinje. Akilikuta limefia majini asilile. Hapo atakuwa ametoka katika khitilafu kwa usalama.

Risasi ikimpata mtu

Tunasikia maneno ya kusema "ilijifyatua" na "nilidhani haina kitu". Kwa Allah maneno hayo hayafuti hukumu. Anayemuua Muislamu kwa makosa, Suratun Nisaa, aya ya 92, imemuwajibishia mambo mawili. La kwanza ni diya kwa jamaa wa marehemu, ila wakisamehe. La pili ni kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Msamaha wa jamaa hauondoi kafara, na hukumu ya mahakama ya nchi iko pale pale. Kijana anayeona bunduki ni burudani aihesabu miezi hiyo miwili, kisha aikumbuke sura ya mama wa aliyekufa.

Gobore lililorithiwa

Wako waliooa huko na kuachiwa gobore na mkwe, au waliolikuta katika nyumba waliyoinunua. Lenye leseni, warithi waende polisi kutoa taarifa ya kifo na kufuata utaratibu, wala asilitumie mmoja wao kwa kuwa ni mali ya baba. Lisilo na leseni haligawiwi katika mirathi. Lisalimishwe. Serikali imekuwa ikitangaza mara kwa mara muda wa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, na matangazo huelekeza pa kuzipeleka, aghalabu polisi au ofisi za serikali za mitaa. Muda huo ukitangazwa ni fursa. Ukiwa haujatangazwa, atafute ushauri wa wakili, na atoe taarifa akiongozana na kiongozi wa mtaa au imamu wa msikiti. Asilibebe njiani peke yake.

Nasaha kwa wazazi na kijana

Wazazi, msimjibu kijana kwa ukali tu. Ana kipawa cha mikono na ana ujasiri. Mikono inayotaka kufungua na kuunga vyuma inahitajika kwenye pikipiki, mashine za kukamua mafuta ya pamba na pampu za maji, na huko Simiyu kazi hizo zina rizki. Anayetaka kulenga, upinde upo na ndio asili ya Sunna. Anayetaka kubeba silaha kwa ajili ya watu, milango ya jeshi, polisi na uhifadhi wa wanyamapori ipo wazi kwa wanaostahiki.

Nawe kijana, wazee wako hawakuzuilii Sunna. Wanakuzuia usirudi kwao na damu ya mtu shingoni, au wao wasije wakaletewa ya kwako.

Allah (S.W.) atuhifadhie vijana wetu popote walipo, awajaalie rizki ya halali, na ajaalie miji yetu iwe ya amani. Amin.

Wallahu aalam.